Ufundi ni Amana: Fundisho la Jiko Lililoharibika

Bismillahi Rrahmani Rrahim.



Huenda baadhi yenu mkastaajabu kuona mwalimu wa madrasa, ambaye kazi yake ni kusomesha Juzuu Amma na kusahihisha matamshi ya watoto, ameshika kalamu kuandika habari za jiko la umeme. Mtasema: Haya yamemhusu nini? Twawaomba mstahamili mpaka mwisho. Jambo hili lilitokea mbele ya macho yetu, hapa kwetu Lusu, katika Wilaya ya Nzega, Mkoa wa Tabora. Na sisi wenyewe tuna sehemu yetu katika kosa lililofanyika. Mwenye kukosea akanyamaza huwaachia wenziwe shimo lile lile wapate kutumbukia.

Jirani yetu mmoja ni mama mtu mzima anayemuuguza mumewe. Yule mzee alipatwa na kiharusi, nusu ya mwili wake haina nguvu, naye hawezi kula ila uji na vyakula laini, kidogo kidogo, mchana na usiku. Hapo kwanza yule mama alikuwa akiamka usiku mara tatu kuwasha mkaa kwa ajili ya kikombe kimoja cha uji. Mtoto wao aliyeko Dar es Salaam alipopata uwezo, aliwaletea jiko la maikrowevu lililokwisha tumika. Kwa kuwa umeme ulikuwa umekwisha fika nyumbani kwao, yule mama akapata faraja kubwa: dakika mbili tu, uji umepata moto, na mgonjwa hakusubiri. Alitwambia kwamba tangu lilipokuja jiko lile ameweza kusali Tahajjudi kwa utulivu.

Basi siku moja jiko likaharibika. Taa ya ndani iliwaka, sahani ikazunguka, feni ikavuma, walakini uji ulitoka baridi vile vile ulivyoingia. Yule mama akarudi kwenye mkaa wake wa usiku wa manane.

Yuko hapa kijana mmoja aliyesoma Kurani kwetu tangu utoto, mwenye adabu na mkono mwepesi, ambaye hutengeneza redio na simu. Alijitolea kulitazama jiko lile bila malipo, kwa kutaka thawabu. Akalileta barazani kwetu baada ya sala ya Alasiri, kwa kuwa pana mwanga mzuri na nafasi. Akalijaribu kwanza, akaona ni kama ilivyosemwa. Kisha akachomoa plagi, akashika bisibisi, akatutazama. Akasema: "Maalim, nimekwisha chomoa. Naweza kufungua?"

Nasi tukamjibu: "Umeme si umekatika? Hapana hofu. Sema Bismillahi, fungua."

Alifungua skrubu za nyuma, akaondoa kifuniko, akatia mkono. Tulisikia mlio kama wa kijiti kikavu kinachovunjwa. Kijana akarushwa nyuma, akaanguka juu ya mkeka, macho yamemtoka na kinywa hakitoi sauti. Sisi tulikwisha anza kusema Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Kwa rehema ya Mola alivuta pumzi, akalia. Kidole cha shahada cha mkono wa kulia kiliungua mpaka ndani, akapelekwa hospitali siku ile ile. Hata leo kidole hicho hakikunjiki sawasawa.

Jioni ile tulikwenda kwa mama yake kumwomba radhi. Alitupokea kwa heshima, akatutandikia mkeka, kisha akasema maneno ambayo hayajatutoka moyoni: "Maalim, mimi sikulaumu kwa kutojua. Nakulaumu kwa kuwa hukusema kwamba hujui."

Ndugu wasomaji, alisema kweli. Sisi tunapoulizwa mas'ala ya mirathi yenye utata, twasema Wallahu aalam, tukampeleka muulizaji kwa mwenye ilimu zaidi yetu. Siku ile tuliulizwa mas'ala ya uhai wa mtu, tukatoa jawabu kwa haraka kama tunaojua. Mwenyezi Mungu ametuamrisha tuwaulize wenye ujuzi ikiwa hatujui, na ametukataza kujitia katika maangamizi kwa mikono yetu wenyewe. Aya hizo mbili tumezisomesha miaka mingi, na siku ile hatukuzikumbuka.

KWA NINI JIKO LILILOCHOMOLEWA LILIMPIGA

Hapa Lusu wako wazee waliopata kufanya kazi katika mgodi wa dhahabu wa Golden Pride, ulioanza kutoa dhahabu mwaka 1998 na ukafungwa baada ya takriban miaka kumi na mitano. Mmoja wao alikuwa katika kazi za umeme. Aliposikia habari zetu alitikisa kichwa. Akatueleza kwamba mgodini hakuna fundi anayegusa mtambo kwa kuambiwa tu kuwa umezimwa. Kwanza huizima swichi, kisha huifunga kwa kufuli lake mwenyewe na kuweka ufunguo mfukoni mwake, kisha hupima kwa chombo ahakikishe kwamba hakuna umeme uliobaki. Akasema: "Maalim, kuchomoa plagi ni kufunga bomba. Maji yaliyomo ndani ya mtungi hayajamwagwa."

Mtungi huo ndio kapasita. Ili tupate kufahamu, yafaa tueleze kidogo jinsi jiko hili lifanyavyo kazi.

Moyo wa jiko ni chombo kiitwacho magnetroni. Mwaka 1940, wakati wa Vita Kuu ya Pili, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Birmingham huko Uingereza walitengeneza magnetroni yenye nguvu kwa ajili ya rada za kuonea ndege za adui. Mwaka 1945 Mmarekani mmoja, Percy Spencer, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya Raytheon, aliona peremende yake ya chokoleti imeyeyuka mfukoni alipokuwa karibu na chombo hicho. Akatambua kwamba mawimbi yale yaweza kupika. Majiko ya kwanza yalianza kuuzwa mnamo mwaka 1947, nayo yalikuwa marefu kama mtu. Lile dogo la kuwekwa juu ya meza nyumbani lilipata kuenea kuanzia mwaka 1967, likiuzwa na kampuni iitwayo Amana. Jina hilo si letu. Lilitokana na makao ya Amana katika jimbo la Iowa, ambako kampuni ilianzia. Walakini Mswahili akilisikia hawezi ila kutia maanani, kwani jiko hili lataka amana kwa kila mwenye kulishika.

Umeme wa nyumbani kwetu ni wa volti 230. Ndani ya jiko mna transfoma nzito inayoupandisha mpaka kiasi cha volti 2,000. Kisha kapasita na dayodi hushirikiana kuuongeza mpaka ufike takriban volti 4,000, na huo ndio unaoingia katika magnetroni. Magnetroni hutoa mawimbi yanayotikisika mara milioni 2,450 kwa kila nukta moja ya saa. Mawimbi hayo huyatikisa maji yaliyomo ndani ya chakula, chakula kikapata moto. Majiko mengine ya kisasa hayana transfoma nzito, bali yana mtambo mwepesi wa elektroniki badala yake. Hatari yake ni ile ile.

Sasa tazameni hekima ya jambo lililomfika kijana wetu. Katika jiko zima, umeme uliojaa ndani ya kapasita hupata njia ya kupungua kwa kupitia magnetroni. Tena ndani ya kapasita nyingi huwekwa kizuizi kidogo cha kuumwaga pole pole baada ya jiko kuzimwa. Katika jiko lile, uzi wa ndani ya magnetroni ulikuwa umekatika, kwa hiyo njia ya kwanza ilifungwa. Na kile kizuizi cha kapasita kilikuwa kimekufa, kwa hiyo njia ya pili ikafungwa nayo. Kapasita ikabaki na zaidi ya volti 2,000, ikimngoja wa kuigusa. Jiko bovu, basi, lilikuwa na hatari kupita jiko zima. Watu wengi hudhani kinyume cha hayo.

YALIYO HALALI KWA MWENYE NYUMBA, NA YALIYO YA FUNDI

Hatusemi kwamba watu wasitengeneze vitu vyao. Mtume wetu (S.A.W.), kama alivyosimulia Bibi Aisha (R.A.), alikuwa akishona viatu vyake na kutia viraka nguo zake kwa mkono wake. Nabii Daudi (A.S.) alilainishiwa chuma na akafundishwa kutengeneza deraya kwa vipimo. Kutengeneza ni sunna njema, na kutupa kitu kinachofaa ni israfu. Walakini kila kazi ina mipaka yake.

Mwenye nyumba, baada ya kuchomoa plagi, anaweza kufanya haya bila ya kufungua kifuniko cha nje. Kwanza, atazame plagi na soketi kama zimeungua. Jiko hili huvuta umeme mwingi, hata wati 1,200 na zaidi, na soketi iliyolegea huungua upesi. Pili, asafishe ndani kwa kitambaa chenye maji na sabuni kidogo, hasa kingo za mlango. Tatu, atazame kile kibao chepesi cha maika kilicho ubavuni ndani ya jiko, ambacho hufunika tundu la kupitia mawimbi. Uji na mafuta yakikirukia kikapata weusi, jiko huanza kutoa cheche, na watu hudhani limekufa. Kibao hicho huuzwa kwa bei ndogo, hukatwa kwa mkasi kwa kipimo cha kile cha zamani, na kikirudishwa mahali pake jiko hupona. Nne, atazame gurudumu la chini ya sahani kama limevunjika au limetoka. Tena asiliwashe jiko likiwa tupu, wala asitie chombo cha chuma.

Zaidi ya hapo ni kazi ya fundi aliyefunzwa. Kufungua kifuniko cha nje, kuimwaga kapasita kwa chombo chake maalumu na kupima kuwa imekwisha kweli, kupima dayodi na magnetroni, hayo si ya kujaribia barazani. Kuitengeneza redio hakumfanyi mtu kuwa fundi wa jiko hili, kama vile kuhifadhi Juzuu Amma hakumfanyi mtu kuwa kadhi. Imepokewa kutoka kwa Mtume (S.A.W.) kwamba mwenye kujifanya tabibu hali hajulikani kuwa na ujuzi wa utabibu, akamdhuru mtu, basi yeye ni mdhamini wa madhara hayo. Sisi tulijipima kwa hadithi hiyo. Hatukushika bisibisi, lakini ulimi wetu ndio uliofungua kifuniko. Kwa hiyo tulilipa gharama zote za matibabu ya kijana, na tukaona hiyo ni haki yake, si sadaka.

SPEA NA AMANA YA FUNDI

Jiko lile lilipelekwa Tabora mjini kwa basi, kwa fundi mmoja tuliyeelekezwa. Tulikwenda nalo wenyewe, tukakaa naye, na yale tuliyojifunza kwake twapenda kuyaeleza ili nyumba za Waislamu zijue cha kuuliza.

Alipopima alikuta magnetroni imekufa na kapasita haifai. Akaandika namba zilizo juu ya magnetroni na juu ya jiko, tukazituma kwa yule mtoto aliyeko Dar es Salaam akatafute Kariakoo. Baada ya siku chache ikaja magnetroni kwa basi. Ilikuwa mpya, inang'aa. Fundi akaipima kwa macho na kwa rula, akasema haifai: matundu yake ya skrubu hayalingani, na upande wa kuungia nyaya umegeuka. Sisi, kwa kumwonea huruma yule mama, tukasema: "Si utoboe matundu mengine?" Akajibu kwamba magnetroni isipokaa sawasawa, mawimbi huvuja na joto huiharibu mapema. Akairudisha. Yule mama akangoja wiki nyingine moja, na sisi tukasema moyoni kwamba huyu ndiye fundi.

Kapasita nayo alichagua yenye kipimo kile kile cha maikrofaradi na volti zisizopungua zile za kwanza. Fyuzi akatia ya aina ile ile na ampia zile zile. Tukamwuliza kuhusu mafundi wanaofunga kipande cha waya mahali pa fyuzi. Akatufungulia siri kubwa. Mlango wa jiko una swichi kwa kawaida tatu. Mbili hukata umeme mlango unapofunguliwa. Ya tatu ni mlinzi: zile mbili zikishindwa, yeye huunganisha umeme kwa makusudi ili fyuzi ikatike na jiko lizimike. Mtu akitia waya mahali pa fyuzi amemuua mlinzi huyo. Na mwenye kuunganisha swichi za mlango zisifanye kazi, ili tu jiko liwake, amewafungulia watoto wa nyumba ile mlango wa madhara. Kwani mawimbi yale hayachagui kati ya uji na jicho la mtoto, na jicho ni dhaifu kwa joto kuliko viungo vingi, kwa kuwa lenzi yake haina damu ya kuliondoa joto hilo.

Hapa ndipo tunapofika kwenye shina la maneno yetu. Mji wa Tabora ulikuwa kituo kikuu cha misafara baina ya Bagamoyo na Ujiji. Mpagazi alijitwika mzigo uliofungwa usio wake, akaenda nao miezi mitatu njiani, na mwenye mali hakuweza kuufungua kila jioni kutazama kilichomo. Biashara ile yote ilisimama juu ya amana ya mabega. Fundi wa leo naye hukabidhiwa sanduku lililofungwa. Mwenye mali haoni ndani. Akiambiwa kimetiwa kipya, hana ila kuamini. Mtume (S.A.W.) alipita sokoni akatia mkono ndani ya chungu ya nafaka, akakuta chini ni mbichi na juu ni kavu, akamkemea muuzaji, na akabainisha kwamba mwenye kudanganya si katika sisi. Spea iliyokwisha tumika si haramu kuuzwa. Haramu ni kuisema mpya. Waya mahali pa fyuzi ni ile nafaka mbichi iliyofichwa chini, na huyu hadhuru mfuko peke yake bali roho pia.

Kwa hiyo, enyi wenye nyumba, mkimpelekea fundi jiko lenu, mwulizeni mambo manne: Kimeharibika nini? Spea utakayotia ni mpya au imetumika, na vipimo vyake ni sawa na ile ya kwanza? Mlango na swichi zake umezijaribu? Na je, kitu kibovu ulichokitoa utanirudishia nikione? Fundi mwenye amana hatachukia maswali haya. Ila kile kibovu msiwape watoto wakichezee wala kukivunja, maana katika baadhi ya magnetroni mna kauri ambayo vumbi lake hudhuru mapafu.

Fundi wetu alimaliza kazi yake kwa jaribio ambalo kila mtu anaweza kulifahamu. Alitia lita moja ya maji katika chombo, akapima joto lake, akaliwasha jiko kwa nguvu zote kwa nukta 60, kisha akapima tena. Kila nyuzi moja ya joto iliyoongezeka ni sawa na wati 70. Maji yale yaliongezeka nyuzi 9, yaani wati 630. Na juu ya jiko zimeandikwa 700. Akasema kwamba kwa jiko lililokwisha tumika, hayo ni mema. Gharama yote, pamoja na nauli, haikufika nusu ya bei ya jiko jipya. Lau ingalipita nusu, alisema angalitushauri tusitengeneze, ingawa yeye angalikosa ujira. Hiyo nayo ni amana.

Jiko limerudi Lusu, na yule mzee anapata uji wake wa moto usiku. Kijana wetu, baada ya kupona, alitujia na ombi. Hakutaka tena kubahatisha; alitaka kujifunza. Sasa yuko Tabora kwa fundi yule yule, na nia yake ni kuingia chuo cha VETA asomee umeme kwa utaratibu. Jambo la kwanza alilofundishwa, asema, ni kuweka mkono mmoja nyuma ya mgongo na kupima kabla ya kugusa. La pili ni kusema "sijui" bila ya haya.

Hilo la pili, ndugu zetu, na sisi tumelianza upya katika uzee huu. Mtoto akituuliza darasani jambo tusilolijua, liwe la Kurani au la umeme, twamwambia: "Hilo hatulijui, twende tukamwulize anayejua." Hatujaona heshima yetu kupungua kwa hilo hata kidogo.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, awape mafundi wetu ujuzi na ukweli, na azihifadhi ndimi zetu na jawabu la pasi na ilimu. Amin.

Wabillahi tawfiq.